Sufuria la Shule Wakati wa Vita

Mimi ni mpishi wa shule, na habari za Uingereza ya Vita Kuu ya Pili nazisoma kwa jicho la jikoni. Januari 1940 sukari, siagi na bekoni (nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi) vilianza kutolewa kwa mgawo. Baba yuko vitani, mama kiwandani; mtoto atapikiwa na nani mchana? Serikali ililibeba jukumu hilo. Mwaka 1941 iliweka kipimo: mlo wa shule utoe kalori 1,000. Viazi, karoti na kabichi, visivyohitaji kadi ya mgawo, vilijaza masufuria. Kufikia 1945 watoto zaidi ya milioni 1.5 walikula shuleni. Wengi walilipia gharama ya vyakula tu; maskini walikula bure, tena mezani pamoja na wenzao. Hilo nalipenda kuliko yote.