Msituite Njuri Ncheke

Hapa Meru vijana wa kompyuta wametupa jina. Sisi tunaoandika na kukagua viendeshi vya Linux, kwao, ni Njuri Ncheke ya wazungu: wazee wakali, mlango umefungwa, ukipeleka hoja yako ya kwanza unarudi umefyata mkia. Huko Embu nimesikia kali zaidi, kwamba sisi tunaoshinda kwenye Linux tunapenda kutukanwa. Naelewa jina lilikotoka. Ukitoka Makutano ukashika barabara ya Maua unafika Nchiru, na pale makao makuu ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vimekaa ujirani. Kijana akiwaona wazee na bakora zao mchana, kisha usiku akasoma barua za wakaguzi wa kerneli ya Linux, ni rahisi avitie vyote katika kapu moja.

Lakini Njuri mtu huingia kwa mali na kwa kiapo. Hutoa mnyama, hupanda daraja, na yanayosemwa ndani hubaki ndani. Mimi ni mwanamke. Hata ningekuwa na zizi zima la mafahali, kiti hicho nisingekikalia. Kerneli haikuniuliza ukoo wala ng'ombe. Iliniuliza jina, anwani ya barua pepe na sababu ya mabadiliko niliyoleta. Na kila neno lililoandikwa kuhusu mabadiliko hayo, kiraka changu, liko hadharani mpaka leo, la heshima na la ghadhabu, na mtu yeyote wa Mikinduri au Siakago mwenye bando anaweza kulisoma. (Wanawake huko ni wachache mno, sikatai, na uchache huo hauna utetezi.)

Basi nieleze desturi zenyewe, kwa kuwa wanaotucheka hawajawahi kuziona zikifanyika.

Kerneli ni kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na zaidi ya nusu ya msimbo wake ni viendeshi, yaani programu zinazozungumza na vifaa. Kuna kiendeshi cha kifaa kimoja, tuseme kipimajoto cha tangi la maziwa kule Imenti, na kuna kiendeshi cha basi lenyewe, zile nyaya ambazo vifaa vingi hushiriki ili kusemezana na kompyuta. Basi la I2C, lililobuniwa na Philips mwaka 1982, lina nyaya mbili tu: moja ya data, moja ya mapigo ya saa. Kila kifaa kina anwani ya biti 7, na ukiondoa zilizotengwa, zinabaki anwani 112. Lipo la CAN la Bosch, lililotangazwa mwaka 1986, ambalo leo limejaa ndani ya magari. Lipo la SPI. Lipo la PCI. Kila moja lina walezi wake.

Tofauti ya viendeshi hivi viwili, cha kifaa na cha basi, ndiyo inayozaa ukali mnaousikia. Ukikosea katika kiendeshi cha kipimajoto, umeharibu kipimajoto. Ukikosea katika kiendeshi cha basi, umewanyamazisha wote walio juu yake. Hutokea kifaa kimoja kikakwama katikati ya sentensi na kuung'ang'ania waya wa data, kikaushikilia chini, na hapo hakuna mwingine anayeweza kusema lolote. Dawa yake inajulikana: kompyuta hupiga hadi mapigo tisa ya saa, taratibu, mpaka yule aliyekwama amalize biti zake na kuuachia waya. Sasa mkaguzi anaposoma kiendeshi kipya cha basi na asione mahali popote panaposhughulikia jambo hilo, huuliza. Anauliza kwa mstari mmoja, bila salamu. Kijana wa Embu anasoma mstari ule na kuona dharau. Mimi naona mtu aliyesoma mistari mia tano ya msimbo wa mgeni kabisa, bila malipo yoyote kutoka kwa mgeni huyo, akaona kisichokuwepo. Kuona kosa lililoandikwa ni rahisi. Kuona pengo ndiyo kazi.

Na ningependa mjue jinsi usomaji huo unavyofanyika, kwa sababu hiki ndicho ninachokipenda kuliko chochote katika maisha ya watu hawa. Mkaguzi mara nyingi hana kifaa chenyewe. Kiko mezani kwa mwenye kiraka, huko Pune au Shenzhen au Nchiru, na mkaguzi ana karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, kama ina bahati ya kutolewa hadharani. Anasoma msimbo na kuuendesha kichwani. Anaanza na pale kiendeshi kinapoamka: kimeomba kumbukumbu, kimewasha saa, kimesajili kikatizi (njia ya kifaa kuikatiza kompyuta), kimejitangaza kwa basi. Je, kikatizi kimesajiliwa kabla ya vitu kinavyovigusa kuwa tayari? Kama ndivyo, siku moja kifaa kitapiga kelele mapema mno na mashine itaanguka, na itakuwa ile hitilafu inayotokea Jumanne na kukataa kutokea Jumatano. Kisha anashuka kwenye njia za kushindwa. Hatua ya nne ikishindwa, je, ya tatu, ya pili na ya kwanza zinafunguliwa kwa mpangilio wa kinyume? Kifaa kisipojibu, unasubiri kwa muda gani, au utasubiri milele? Umeshika kufuli huku ukifanya jambo linaloweza kulala? Nimekutana na watu wanaojiita wahandisi wakubwa ambao hawajawahi kusoma njia ya kushindwa hata moja mpaka mwisho. Mkaguzi wa kerneli huanza nazo.

Kiraka nacho kina adabu zake. Kiraka kimoja, jambo moja. Ukirekebisha hitilafu na papo hapo ukapanga upya nafasi na mistari, utaambiwa uvitenganishe, kwa sababu anayesoma hawezi kulitenga badiliko la maana katika takataka za upambaji. Maelezo ya kiraka huandikwa kwa kauli ya kuamuru, kama mtu anayeuagiza msimbo ubadilike: rekebisha, ondoa, ongeza. Hayaelezi ulichofanya tu, kwa kuwa hicho kinaonekana. Yanaeleza tatizo lilikuwa nini na nani aliumia. Barua hutumwa kwa maandishi matupu, na anayejibu huandika chini ya mstari anaoujibu, kamwe si juu ya barua nzima. Ukirekebishwa, unaleta toleo la pili, la tatu, na chini ya vistari vitatu unaorodhesha ulichobadilisha tangu mara ya mwisho, ili mkaguzi asilazimike kusoma upya kwa kubahatisha.

Halafu kuna sahihi. Kila kiraka hubeba mstari wa mwenyewe akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Desturi hiyo ilianza mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 ikidai mali yake imeingizwa katika Linux. Kiraka kikipanda, kila mlezi anayekipitisha huongeza sahihi yake, na aliyekikagua huongeza mstari wake. Mstari wa mkaguzi una maana iliyoandikwa katika nyaraka: kwamba amekifanyia ukaguzi wa kiufundi, kwamba wasiwasi aliokuwa nao aliusema na ukajibiwa, na kwamba anaona kinafaa kuingia. Hauahidi kwamba kiraka hakina kosa. Unasema tu kwamba fulani alisoma na akaridhika. Miaka kumi baadaye, mashine ikianguka, mtu atafungua Git, daftari la historia ya msimbo, na kuliona jina hilo. Ni nani katika ofisi zetu za kaunti anayekubali jina lake likae juu ya kazi kwa muda huo?

Ugomvi wa upana wa mistari, uliosogezwa kutoka herufi 80 hadi 100 mwaka 2020, na ule wa walezi wa sehemu ya mtandao wanaotaka mistari ya kutangaza vigeugeu ipangwe kuanzia mrefu hadi mfupi, nauacha kwa wanaoupenda.

Ukali, nakubali, ulikuwepo. Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa lugha yake Septemba 2018, akapumzika kwa muda, na toleo 4.19 likaja na kanuni za mwenendo. Aliyetukanwa kabla ya hapo hakutukanwa kwa faida ya mtu. Lakini siku hizi wageni wengi wanaolalamika kwangu hawajatukanwa, wamenyamaziwa. Wametuma kiraka Jumatatu, na kufikia Ijumaa wameshaamua kwamba ni ubaguzi. Nyaraka zinasema wazi kwamba majibu huchukua wiki mbili au tatu, na usisumbue kabla ya angalau wiki moja kupita. Greg Kroah-Hartman, mlezi wa USB na wa mambo mengi mengine, hupokea viraka vingi kiasi kwamba ameweka programu ya kuwajibu wanaorudia makosa yaleyale, na hata programu hiyo hujitambulisha kwa upole. Ukinyamaziwa, anayekunyamazia huenda ana viraka mia mbele ya chako.

Na kuna kujilinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walituma viraka vyenye kasoro za makusudi ili waone kama wakaguzi watazinasa. Aprili 2021 Kroah-Hartman akafunga mlango kwa chuo kizima, na viraka vyao vya nyuma, vya nia njema na vya nia mbaya, ikabidi vipitiwe upya na watu walewale waliochoka. Tangu hapo mgeni akiulizwa maswali matatu zaidi, asishangae. Nyumba iliyoibiwa na mgeni hubadilisha kufuli.

Ninachokihofia kiko kwingine. Machi na Oktoba waombaji wa programu ya mafunzo kazini ya Outreachy huja na viraka vyao vya kwanza, na wengi wao ni hazina. Lakini kati ya wageni wa miaka hii wapo wanaohesabu viraka kama kura: ondoa nafasi hapa, geuza mabano pale, andika kwenye wasifu. Wengine sasa huleta viraka vilivyoandikwa na akili bandia, lugha yake laini, maelezo marefu, na mkaguzi akiuliza kwa nini kufuli limewekwa hapa na si kule, mwenye sahihi hana jibu, kwa hiyo hulipeleka swali kwenye mashine na kuleta jibu la mashine. Kuandika kumekuwa rahisi mno. Kusoma kumebaki kugumu vilevile, na wasomaji hawajaongezeka. Waajiri hulipa kwa kiendeshi kilichoingia. Sijaona anayempandisha mtu cheo kwa sababu alisoma cha mwingine na kukikataa.

Wanaosema ukaguzi huchelewesha mambo watazame Greybus. Ni basi lililoandikwa kwa ajili ya simu ya vipande ya Google, Project Ara. Google iliiua simu hiyo Septemba 2016. Msimbo wa basi lake ukaingia katika kerneli toleo 4.9 mwishoni mwa mwaka huohuo, simu yenyewe ikiwa imeshazikwa, ukawekwa katika eneo la staging ambako msimbo usiokomaa husomwa na kusahihishwa. Mwaka 2019 kiini chake kilitolewa humo kikiwa kimekomaa. Mwaka 2023 kiendeshi kipya kikakitumia kwa bodi ya BeaglePlay, kifaa ambacho hakikuwepo wakati wa Ara. Kazi ya kampuni ilikufa, na kilichosomwa vizuri kikapata mwenye kukitumia. Baadhi ya viendeshi vyake bado viko staging, na wanafunzi wengi hupitia humo kwa kiraka chao cha kwanza.

Kuna faili moja katika kerneli, lenye mistari zaidi ya elfu ishirini, linaloorodhesha kila sehemu na mlezi wake. Kila sehemu ina hali yake: inalipiwa, inatunzwa, hurekebishwa mara mojamoja. Nyingine zimeandikwa yatima. Kiendeshi kikikaa yatima, kila anayebadilisha kitu jirani yake hukiona mzigo, na siku moja kiraka cha kukifuta huja, nacho pia husubiri mtu wa kupinga. Usanifu mzima wa kichakataji cha Itanium uliondoka hivyo katika toleo 6.7, kwa kukosa wa kuutunza. Hao vijana wanaotuita Njuri wana bodi za bei nafuu, vipimajoto vya I2C na muda. Faili hilo halina mlinzi mlangoni. Watafute neno hilo la yatima, wachague basi moja, wasome viraka vya wengine kwa mwaka mzima kabla ya kutuma chao, na wakiona kosa walijibu chini ya mstari wake.