Mwani wa chokaa: Utando wa waridi unavyoweza kukua mbali na bahari

MKAZI wa Dodoma anayeamua kuweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki na matumbawe ya baharini huanza na mawe meupe. Huyapanga, hujaza maji ya chumvi, huwasha taa na pampu, kisha husubiri. Anachokisubiri, pengine bila kukijua kwa jina, ni utando mgumu wa rangi ya waridi au zambarau ambao hufunika mawe ya miamba hai ya bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara. Badala yake, wiki za mwanzo humletea ukungu wa kahawia na nyuzi za kijani, na wengi hukata tamaa hapo.

Utando huo si rangi ya jiwe, wala si tumbawe. Ni mwani. Ni ndugu wa mbali wa ule mwani mwekundu ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wamekuwa wakiulima kwa ajili ya biashara tangu 1989, isipokuwa huu hujaza chokaa katika kuta za seli zake hadi ukawa mgumu kama jiwe lenyewe. Ndiyo maana huitwa mwani wa chokaa.

Kazi yake baharini ni kubwa kuliko umbo lake. Huunganisha vipande vya mawe vilivyovunjika, na viluwiluwi vya aina nyingi za matumbawe huutambua kwa kemikali zake na kuuchagua kuwa mahali pa kutua na kuanza maisha. Joto kali la bahari la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mahali penye mawe imara yaliyovikwa utando huu palikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata matumbawe machanga. Mahali palipopigwa baruti, ambako kilichobaki ni kokoto zinazobingirishwa na mawimbi, nafasi hiyo ni finyu mno. Katika tangi mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo: jiwe lililoshikwa na mwani wa chokaa huwapa nafasi ndogo mwani laini wa kijani na ukungu wa kahawia.

Kwa Dodoma, ugumu wa kwanza ni maji. Mji huu hutegemea kwa kiasi kikubwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na maji yake ni magumu. Sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika huota gamba jeupe. Anayeliona gamba hilo aweza kudhani kwamba mwani unaohitaji chokaa utastawi humo bila taabu. Si hivyo. Chumvi maalumu ya matangi ya bahari tayari ina kalsiamu na magnesiamu kwa uwiano wa bahari. Ikikorogwa katika maji yenye madini yake yenyewe, uwiano huo huvurugika. Tena maji ya visima, hasa karibu na vyoo vya shimo, huweza kubeba naitreti, ambayo ni mbolea ya mwani wa kijani anayetaka kuuepuka.

Maji ya mvua nayo yana mtego wake. Yakitiririka juu ya bati jipya huchukua zinki, madini ambayo huwadhuru konokono na matumbawe. Njia salama ni kukoroga chumvi katika maji yaliyoondolewa madini kwa mashine ya kuchuja. Maji ya kunywa ya chupa si badala yake, kwani mara nyingi huongezewa madini baada ya kuchujwa.

Wapo wanaouliza kuhusu chumvi ya karibu. Mbuga ya Bahi imetoa chumvi tangu enzi za wazee wa Kigogo, na Ziwa Singidani lililoko Singida lina maji ya chumvi. Hata hivyo, chumvi hizo si za bahari. Maziwa ya magadi yana kabonati nyingi, na kabonati hiyo huiangusha kalsiamu chini kama tope jeupe, hivyo maji hubaki na kalsiamu kidogo. Chumvi ya mezani nayo haina takriban chochote cha kujengea mwamba.

Vipimo vinavyotafutwa vinajulikana. Lita moja ya maji ya bahari ina kalsiamu miligramu zipatazo 410 na magnesiamu karibu 1,300. Wafugaji wa matangi hushika kalsiamu kati ya 400 na 450, magnesiamu kati ya 1,250 na 1,350, na kiasi cha kabonati kati ya 7 na 10 kwa kipimo kiandikwacho dKH. Magnesiamu hudharauliwa, na hilo ni kosa. Chokaa ya mwani huu ina magnesiamu nyingi, na ni magnesiamu hiyohiyo inayozuia kalsiamu na kabonati zisishikane ovyo majini na kuanguka kama vumbi. Fosfeti, kwa upande mwingine, huzuia chokaa isijengeke. Chanzo chake kikuu ni chakula cha samaki kinachotupwa kwa wingi.

Utulivu wa vipimo una faida kuliko ukubwa wake. Kalsiamu na kabonati huongezwa kidogo kidogo baada ya kupima, na dawa hizo mbili hazimiminwi pamoja, maana hukutana na kuwa unga mweupe papo hapo. Chokaa ya kupakia ukuta haifai kabisa kutumika, kwa kuwa usafi wake haujulikani. Ikumbukwe pia kwamba pwani chokaa imechomwa kwa karne nyingi kutokana na matumbawe yenyewe.

Hali ya hewa ya nyanda hizi inaongeza kazi. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na chenye upepo, na maji huondoka tangini kama mvuke huku chumvi ikibaki. Kwa mfano, tangi la lita 200 linalopoteza lita nne kwa siku huwa limepungua lita 20 baada ya siku tano, na chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita hufika karibu 39. Maji ya kujazia yawe matamu, yaliyochujwa, na yaongezwe kila siku. Aidha, mwezi Julai usiku hupoa hadi nyuzi joto 14 au zaidi kidogo, ilhali tangi hutaka 24 hadi 27, hita haikwepeki. Kwa kuwa mji uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Umeme unapokatika samaki huanza kuhema mapema, na pampu ndogo ya hewa ya betri si anasa.

Baada ya hayo yote, mwani wa chokaa hautatokea wenyewe katika mawe makavu. Lazima uletwe mbegu. Hapa ndipo penye kishawishi: tangu treni ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, bahari ni safari ya saa chache, na jiwe la waridi la ufukweni huingia katika ndoo kwa urahisi. Ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kuchukua matumbawe au mawe yake ni kosa. Kwingineko, kabla ya kuchukua chochote, ni kuuliza kwa mamlaka ya uvuvi, na kwa mkazi wa Dodoma jambo hilo si gumu: wizara inayohusika iko Mtumba.

Wala hapahitajiki jiwe zima. Mbegu ya kutosha hupatikana kwa mwenye tangi lililokomaa: konokono mmoja mwenye gamba la waridi, au kijiko cha utando uliokwanguliwa kwenye kioo na kumwagwa mbele ya mkondo wa pampu. Vipande hivyo husafirishwa vikiwa na unyevu. Vikikauka hufa na kugeuka vyeupe. Visitiwe kabla maji hayajamaliza wiki nne hadi sita za mwanzo, wakati bakteria wanajijenga na amonia kuisha.

Mwanga wa wastani unatosha. Taa kali mno huufifisha mwani huu. Konokono wanaokula mwani laini ni wasaidizi wazuri. Urumbu, yaani nungu wa baharini, ni wa kufikiriwa mara mbili, kwani husafisha kijani lakini hutafuna na waridi. Dawa za samaki zenye shaba ziwekwe mbali kabisa na tangi.

Madoa ya kwanza, madogo kama ncha ya kalamu, huonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, mara nyingi kwenye kioo au mpira wa pampu kabla ya mawe. Kufunika mawe huchukua miezi sita hadi mwaka au zaidi. Doa likiwa jeupe ghafla, kitu cha kwanza kupimwa ni chumvi, kisha kabonati.