Gari Dogo la Redio: Kasi, Nguvu na Joto

Aghalabu kijana mwenye gari dogo linaloongozwa kwa redio hutamani jambo moja tu: gari lake liende kasi zaidi. Huifungua mota, akatoa gia ndogo iliyo kwenye shafti yake na kuweka iliyo kubwa kuliko hiyo. Gari huondoka kwa kasi ya kupendeza; lakini baada ya dakika chache harufu ya kitu kinachoungua husikika, na gari husimama. Mota imekufa. Tangu mwanzo haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni hesabu ya dakika mbili.

Magari ya namna hii huweza kuwa somo zuri la fizikia, kwa kuwa mengi huuzwa vipande vipande na mwenyewe huyaunga kwa mkono wake. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la redio, mfano wa Porsche 934, mwaka 1976. Mwaka 1984 ilitoa magari mawili, Grasshopper na Hornet, ambayo chasisi na giaboksi zake zilifanana sana. La kwanza lilitiwa mota ya ukubwa uitwao 380. La pili lilitiwa mota ya 540, yenye nguvu zaidi. Hivyo mwenye Grasshopper aliweza kuliongezea nguvu kwa kubadili mota. Hapo huzuka swali: nguvu hiyo mpya hupita wapi, na ni kifaa gani kinachoibeba?

Njia ya nguvu

Umeme wa betri huizungusha mota. Kwenye shafti ya mota hukaa gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huizungusha gia kubwa. Kutoka hapo nguvu hupita katika gia nyingine za giaboksi, ikafika kwenye difu, kisha ekseli na magurudumu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti wakati wa kukata kona, kwa sababu gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani.

Hesabu ya meno

Ichukuliwe gari ambalo pinioni yake ina meno 18 na gia kubwa ina meno 72. Mgawanyo wake ni 72 ÷ 18 = 4. Ikiwa gia za ndani ya giaboksi hupunguza mwendo mara 2.5 zaidi, mota huzunguka mara 4 × 2.5 = 10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mota ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 2,000. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 80 husogea karibu sentimita 25 kwa kila mzunguko; basi gari husafiri karibu mita 500 kwa dakika, yaani kilomita 30 kwa saa.

Sasa pinioni ya meno 24 ikiwekwa, mgawanyo wote hushuka hadi 7.5. Kwa karatasi, kasi hupanda hadi kilomita 40 kwa saa. Lakini kasi hiyo haipatikani bure: nguvu ya kulizungusha gurudumu hupungua kwa robo. Ndiyo maana dereva wa lori linalopanda mlima hushusha gia. Hutoa kasi ili apate nguvu.

Joto hutoka wapi?

Ili kulisukuma gari lile lile katika mchanga ule ule, mota yenye pinioni ya meno 24 yapaswa kujikaza zaidi kwa theluthi moja. Mkondo wa umeme nao hupanda kwa theluthi moja. Lakini joto katika nyaya za mota hufuata mraba wa mkondo: 4/3 × 4/3 = 16/9, yaani karibu mara 1.8. Hiyo ndiyo siri ya mota iliyoungua.

Hatari huzidi gurudumu linaponaswa. Mota inayozunguka huzalisha volti inayoupinga mkondo wa betri. Ikisimama, upinzani huo hutoweka na mkondo hupanda kupita kiasi. Kwa hiyo gari lililokwama halilazimishwi. Huokotwa kwa mkono.

Maboresho yenye faida

Boresho la kwanza lipaswalo kufanywa haliongezi nguvu yoyote, bali huokoa ile iliyopo. Magari mengi ya bei nafuu huja na bushi za plastiki. Zikibadilishwa kwa beringi za gololi, msuguano wa kuteleza huwa msuguano wa kubingirika, ambao ni mdogo zaidi. Gari hupata mwendo, na mota hupoa.

Mota zisizo na brashi na betri za lithiamu hutoa nguvu nyingi zaidi; kwa hiyo gia, difu na ekseli hazina budi kuchunguzwa kabla ya kuzifunga. Mnyororo hukatikia penye pete dhaifu, na pete hiyo aghalabu ni gia ya plastiki. Betri hizo nazo huhitaji chaja yake maalumu, na zisichajiwe pasipo mtu wa kuziangalia.

Matunzo

Gia zikibanana mno hupata joto. Zikiachana mno hukatana meno. Katika gari ambalo mota yake husogezwa, kipande cha karatasi nyembamba hupitishwa kati ya pinioni na gia kubwa, mota ikabanwa, kisha karatasi ikatolewa. Nafasi inayobaki hutosha. Grisi hupakwa ndani ya giaboksi iliyofungwa. Gia zilizo wazi zisipakwe, kwani mchanga hunata na kuyasaga meno. Beringi inayokwaruza huoshwa kwa spiriti, hukaushwa, na kutiwa tone moja la mafuta mepesi.

Jaribio la darasani

Pinioni itiwe alama ya chaki, na gurudumu la nyuma vilevile. Betri ikiwa imetolewa, gari lisukumwe polepole mezani hadi gurudumu litimize mzunguko mmoja, huku mizunguko ya pinioni ikihesabiwa. Jibu lilinganishwe na hesabu ya meno. Kisha pinioni nyingine ifungwe, gari liendeshwe dakika mbili, likazimwe, na joto la mota lipimwe kwa kipimajoto kila mara. Mwanafunzi atakayeyaandika majibu hayo katika jedwali atajua pinioni ipi inalifaa gari lake kabla mota haijamfundisha kwa moshi.