Kompyuta ya zamani inakataa kuwaka: musikubali kuifomate haraka

Jumatatu moja asubuhi tulibonyeza butoni ya kompyuta yetu ya mezani, sawa kila Jumatatu. Taa ndogo ikawaka, feni ikaanza kuzunguka, lakini ekrani ikabaki nyeusi. Tukangoja dakika tano. Nyeusi tu.

Kwa mwenye mashini mbili, hilo si jambo kubwa. Kwetu ilikuwa hofu. Ndani ya kompyuta ile mulikuwa hesabu zote za likelemba yetu: jamaa kumi na nane, wababa wengi wako kwenye kariere ya Kamituga, wamama wako hapa Bukavu. Nani ametoa, nani bado, zamu ya nani mwezi ujao. Daftari la karatasi tulikuwa tumeliacha tangu mwaka uliopita, juu tulisema kompyuta haisahau. Na papa mmoja alikuwa anangoja zamu yake ili alipe minerval ya watoto.

Tukaibeba mpaka kwa fundi mmoja. Hakufungua hata kifuniko. Akasema:

– Mama, hii mashini ni ya zamani. Tunaifomate, inakuwa mupya.

– Na bintu biko ndani?

– Bile bitaenda. Lakini mashini itatembea.

Tukamshukuru, tukairudisha nyumbani. Leo tunaandika yale tuliyojifunza baada ya siku ile, juu tunajua nyumba nyingi za wachimbaji ziko na mashini kama yetu: imenunuliwa okazio, imetoka Ulaya au Dubai, na ndani yake muko kazi ya watu.

Kwanza, inakataa namna gani?

Kompyuta haikatai kwa namna moja. Kuna ile imekufa kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Kuna ile inawaka lakini haionyeshi kitu. Na kuna ile inaonyesha maandishi kisha inasimama. Kila moja iko na dawa yake.

Kufomate ni kufuta diski. Mashini ambayo haijaonyesha hata neno moja kwenye ekrani haijafika kwenye diski. Kuifomate ni sawa kuosha mchanga wakati shimo bado halijafunguliwa. Mukisikia fundi anataja kufomate kabla ya kufungua kifuniko, muchukue mashini yenu murudi.

Ikiwa imekufa kabisa

Muanze na vitu vya bei ndogo. Muchomeke sharja ya simu kwenye prizi ileile: inaingiza moto? Muondoe multiprizi na stabilizatere, muchomeke mashini moja kwa moja. Mujaribu waya mwingine. Ule wa ekrani mara nyingi ni wa namna moja na wa mashini. Nyuma kuna swichi ndogo ya kuwasha na kuzima: watoto huigusa wakati wa kufagia.

Kwenye mashini za zamani kuna pia swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, imeandikwa 115 na 230. Mashini zilizotumika Marekani huja zikiwa kwenye 115. Hapa kwetu kuran ni ya volti 220. Mukiichomeka hivyo, alimantasio inaungua mara moja. Muangalie ile namba kabla ya kuchomeka mashini yoyote ya okazio, na muibadilishe waya ukiwa umetolewa.

Kama ni kompyuta ya kubeba, mutoe bateri na sharja, mubonyeze butoni ya kuwasha kwa sekunde thelathini, kisha muchomeke sharja peke yake bila bateri. Ikiwaka, ugonjwa uko kwenye bateri.

Kama hakuna kitu, njo alimantasio inashukiwa. Lile sanduku la chuma musilifungue. Linabaki na kuran ndani hata baada ya kutoa waya, na linaweza kumpiga mtu vibaya. Fundi alibadilishe zima.

Ikiwa inawaka lakini ekrani ni nyeusi

Hii njo ilikuwa yetu. Jioni kijana wa jirani, mwanafunzi, alikuja na bisibisi na burashi ya rangi. Alianza na waya wa ekrani, akautoa na kuurudisha kwa nguvu. Hapana. Akatoa waya wa kuran, akabonyeza butoni mara mbili ili nguvu iliyobaki ndani iishe, akagusa chuma cha sanduku ili mwili wake usibaki na umeme, kisha akafungua.

Mavumbi! Mekundu, yamejaa mpaka kwenye feni. Tunajua yalitoka wapi: mashini ile ilikaa mwaka mzima kwenye depo ya kariere. Aliyatoa kwa burashi, polepole, huku ameshika feni kwa kidole isizunguke. Hakupuliza kwa mdomo, juu mate huleta kutu.

Kisha akatoa memwari, kile kibao chembamba kinachosimama wima. Kwenye ukingo wake kuna meno madogo yanayong'aa manjano. Ile ni dhahabu. Imewekwa pale juu haishiki kutu, lakini ni nyembamba sana, na uchafu ukiwa juu yake, kuran haipiti. Akasugua kwa gomu ya shule, polepole, pande zote mbili, akapangusa, akarudisha mpaka ikalia "ka". Ikiwa kuna memwari mbili, mujaribu moja moja, juu moja ikiwa mbaya inazuia nyingine.

Tukabonyeza. Ekrani ikawaka, na maandishi meupe yakasema saa si sahihi, tubonyeze F1. Mwaka ulikuwa umerudi nyuma sana. Hiyo si kitu: ni bateri ndogo ya mviringo, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa wakati mashini imezimwa. Ikiisha, mashini inasahau tarehe. Inauzwa sokoni, ni ileile ya mizani ndogo.

Jasho letu liko mle ndani

Kijana alipokuwa anafungua, mzee mmoja wa likelemba aliyechimba miaka mingi aliinama kuangalia. Kwenye kile kibao kikubwa, kila kipande kimeshikwa kwa sudire, na sudire hutengenezwa kwa bati. Bati hutoka kwenye kasiterite, kama ile ya Nyabibwe. Vile vipande vidogo vya manjano vyenye mstari upande mmoja ni kondansateri za tantale, na tantale hutoka kwenye koltani. Kazi yake ni kutunza kuran kidogo na kuitoa sawasawa, isirukeruke. Dhahabu tuliisugua wenyewe kwa gomu.

Kuna pia kondansateri nyingine, kama mikebe midogo iliyosimama. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba au kikitoa maji ya kahawia, ugonjwa ni ule. Fundi anayejua kulehemu anaweza kubadilisha.

Kuran ya Bukavu

Bukavu inapata kuran kutoka mto Ruzizi: kituo cha kwanza ni cha mwishoni mwa miaka ya 1950, cha pili ni cha 1989, nacho kinagawanywa na Rwanda na Burundi. Watu wameongezeka, delestaji tunaijua wote. Kinachoua mashini ni pale kuran inaporudi kwa kishindo. Ikienda, mutoe waya kwenye prizi. Ikirudi, mungoje dakika chache. Kule kariere, grupu inayotetemeka inafanya uharibifu uleule.

Ikiwa diski inalia

Mukisikia diski inagonga "tak, tak, tak", muzime. Musijaribu mara kumi. Kila mara inazidi kujikwaruza. Diski inaweza kutolewa na kufungwa kwenye kompyuta nyingine ili vitu vikopiwe kwanza. Mwambieni fundi mbele ya shahidi: "Ukopie kwanza, ututoneshe, kisha ufanye kazi yako." Mashini ikiwa imekufa kabisa, mara nyingi diski iko nzima.

Usiku ule hatukulala kabla ya kukopia hesabu kwenye flashi mbili. Moja iko kwa mwekahazina, nyingine kwa mama wa mtaa mwingine. Na daftari limerudi: kila Jumatatu tunaandika karatasini, wanachama watatu wanasaini. Papa yule alipata zamu yake kwa siku iliyopangwa. Kazi nzima ilitugharimu bateri moja ndogo na gomu ya mtoto.