Mama, Theluji Iko Wapi? Kilimanjaro na Watoto, Ukitokea Dodoma

Hivi na wewe umeshaulizwa swali la theluji? Kwangu huwa linaanza kila ikifika Desemba, sinema za Krismasi zikishamiri kwenye runinga. Unawaona watoto wa Kizungu wanateremka mlimani wamesimama juu ya vibao viwili, baba na mama wako nyuma wanacheka, jioni familia nzima imeuzunguka moto na vikombe mkononi. Halafu wanangu wawili wananigeukia. "Mama, si kwao baba ni Kilimanjaro? Mbona sisi hatuchezi theluji?"

Mimi ni Mgogo wa hapa hapa Dodoma, mji wa vumbi na zabibu. Baba watoto ni Mchaga wa Marangu. Kwa hiyo Desemba yetu mnaijua: tunakwenda kuhesabiwa. Miaka yote ratiba ni ile ile. Mwenzangu akishashusha mizigo tu anachukuliwa na kaka zake kwenda kwenye nyama na mbege, mimi naingia jikoni na wifi zangu kumenya ndizi za mtori, watoto wanabaki kugombania chaja ya simu. Mlima mrefu kuliko yote Afrika uko dirishani, na hakuna anayeutazama! Desemba iliyopita nikamwambia mapema, kabla hata ya kukata tiketi: katika siku sita za likizo, mbili ni za watoto. Si za ukoo. Kasheshe lake nitakusimulia baadaye.

Vibao viwili na Mlima wetu

Kwanza tuwe wakweli. Hoteli za kuteleza kwenye theluji, zenye viti vya kupandisha watu kwa waya na walimu wa watoto, Tanzania hatuna. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walibeba vibao vyao hadi Kibo na kuteleza navyo, lakini hayo yalikuwa mambo ya wapanda milima, si ya familia. Mwenye hamu na fedha anakwenda Lesotho, ambako kuna Afriski kwenye milima ya Maluti. Wale ndugu zetu wa biashara za Dubai nao wanapajua Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005 ndani ya Mall of the Emirates: nje jua linachoma, ndani theluji ya mashine na watoto wamevaa makoti. Kwa Waafrika Mashariki, jina la kukumbuka ni Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyefundishwa kutembea na vibao akashindana Nagano mwaka 1998. Alikuwa wa mwisho, lakini bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri mstarini amkumbatie. Boit alikuja kumwita mwanawe Dæhlie. Hiyo niliwasimulia wanangu ndani ya basi, wakanyamaza kuanzia Kondoa mpaka Babati!

Basi lenyewe siku hizi raha. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018, hivyo unakata Kondoa, Babati, Arusha, unaingia Moshi bila kuzungukia Chalinze. Ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo mtoto anayetapika garini umjue mapema.

Koti la mitumba

Mtoto wa Dodoma hajui baridi. Ile ya Juni na Julai tunayojikunyata nayo ni cha mtoto. Tukashuka Moshi na kupitia soko la Memorial, kwa wauza mitumba. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu: koti jekundu nililomchagulia mdogo, la miaka 7, zipu yake ilikuwa inaning'inia kadi ya lifti ya milima ya Austria. Yaani koti limeshateleza theluji kabla ya mwenyewe! Nilinunua mawili, na soksi nzito. Raba walikuwa nazo. Ongeza la mvua, maana mlimani Desemba ukungu na manyunyu hayapigi hodi.

Juu hadi wapi?

Hapa nisikilize vizuri, mzazi mwenzangu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 haruhusiwi kupanda kwenda kileleni. Baba watoto, kwa mori wa kwao, akataka binti yetu wa miaka 12 apande hadi Uhuru, mita 5,895, "aweke historia". Nilikataa. Si kwa woga wa kike, kama alivyosema shemeji yangu mmoja, bali kwa sababu hewa kule juu ni nyepesi, kichwa kinauma, chakula kinakataa kukaa tumboni, na mtu asipoteremshwa kwa wakati maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba. Mtu mzima atasema. Mtoto atakaa kimya asimwudhi baba yake.

Tukakubaliana kwenda na kurudi siku moja, kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kiasi cha mita 2,700. Ni kama kilomita 8 za msitu, saa tatu hadi nne kupanda kwa mwendo wa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka 7 ongeza saa nzima na biskuti za kutosha. Lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, mbali kabisa na dola za wageni, na mtoto wa chini ya miaka mitano haingizwi kwenye hesabu.

Msitu ule ni dunia nyingine. Miti imevaa ndevu za kijani, vijito kila kona, na mbega weusi wenye mikia myeupe wanaruka juu ya kichwa chako kama shuka lililochukuliwa na upepo. Mdogo aliacha kulalamika miguu palepale. Vile vibanda vya mbao navyo vina kisa: vilijengwa kwa msaada wa Norway, nchi ya yule Dæhlie. Kutoka Mandara, robo saa tu, kuna kreta ya Maundi. Ukungu ukifunguka unaiona Kibo yenyewe. Kwetu ulifunguka kwa dakika kama tano.

"Ndiyo hiyo tu?" mdogo akauliza. Alitegemea mlima mweupe wa kwenye kalenda.

Mwongozaji wetu hakumficha. Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, mwaka uleule wa wale Wajerumani wa vibao, na UNESCO mwaka 2022 ilisema barafu ya mlima huu inatarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Mwanangu atakuwa na miaka thelathini na kitu.

Siku ya pili, bila kupanda

Miguu ikiuma, Marangu ina mengi ya chini. Kuna mapango waliyochimba Wachaga kujificha na mifugo yao enzi za vita na Wamasai. Mdogo aliingia na kutoka mara nne. Kuna mifereji ya zamani inayoleta maji vihambani, na kahawa unayoitwanga mwenyewe kwenye kinu, unaikaanga, unainywa.

Ila pa kukaa muda ni maporomoko ya Kinukamori. Wenyeji wanasimulia kwamba binti mmoja, Makinuka, alipata mimba kabla ya ndoa, akaogopa adhabu, akaenda kujitupa pale. Alipofika ukingoni akaghairi, akageuka arudi, akakutana na chui. Kwa hofu akarudi nyuma, akatumbukia. Sanamu zao zipo. Binti yangu aliiangalia ile sanamu muda mrefu, kisha akaniuliza, baba yake akiwa pembeni: "Na mwanaume aliyempa mimba, yeye alikuwa wapi?"

Baba mtu akakohoa. Lakini hakuondoka! Tulikaa kwenye mawe karibu saa nzima, watatu, tukiongea mambo ambayo Dodoma nimekuwa nikiyaahirisha tangu afikishe miaka 10: mwili, wavulana, kumwambia mama kabla ya kumwambia shoga. Maporomoko yanapiga kelele, hivyo kila mtu ana kisingizio cha kutotazamana usoni. Mwenye binti wa rika hilo, nakupa bure.

Lile kasheshe

Kaka wa mume wangu hawakupenda. "Umemtia mfukoni", walimwambia mbele yangu, eti mwanaume anakuja nyumbani halafu anakwenda kutalii kwao. Usiku ule wa kwanza alinuna, na mimi nikanuna. Asubuhi nikakuta jani la sale juu ya mto wangu. Kwa Wachaga sale ni la kuomba msamaha, na ukiletewa hutakiwi kukataa. Mgogo mimi nikauliza kwanza kwa wifi kama kweli hutakiwi. Akacheka hadi akakaa chini.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Jioni tuliporudi aliwaita wajukuu, akataka asimuliwe msitu, mbega, vibanda, kila kitu. Ana miaka 70 na ushee, amezaliwa na kuolewa chini ya Mlima huo, amebeba ndizi hadi karibu na lango mara zisizo na idadi. Ndani hajawahi kuingia. "Ni kwa wageni", alisema.

Desemba hii tumeshamtengea kiingilio. Mandara hatafika, magoti yake hayaruhusu, lakini mwendo mfupi wa msituni, polepole, na mdogo amshike mkono, anauweza. Koti ameshaagiza. Anataka jekundu, kama la mjukuu wake.