Mwombaji wa Chuo na Maandalizi ya Utu Wake

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi Julai, wachungaji wengi hujiwa na vijana wanaohitaji barua ya utambulisho ili waombe nafasi chuoni. Katika mazungumzo hayo, ambayo mara nyingi hufanyika mlangoni baada ya ibada, huulizwa maswali mawili: Je, alama zinatosha? Na ada itatoka wapi? Maswali haya ni ya haki, wala hatuyadharau. Lakini liko swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra: Je, kijana huyu amekua kiasi gani hata uamuzi huu uwe wake mwenyewe?

Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo kwa faida ya waombaji, wazazi na watumishi wa sharika. Hoja yetu ni kwamba kuomba nafasi chuoni ni somo la kwanza la chuo chenyewe. Aliyefanyiwa somo hilo na mtu mwingine huingia darasani na barua ya kukubaliwa mkononi, lakini uamuzi ameuacha nyumbani.

1. Fomu ni ya nani?

Hapa Tanzania, kuanzia mwaka 2010 maombi ya shahada ya kwanza yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Tume hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila programu na masharti yake. Kwa programu nyingi, mhitimu wa kidato cha sita hutakiwa kuwa na ufaulu mkuu katika masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Tena kila programu huongeza masharti yake kuhusu masomo yenyewe.

Mabadiliko haya yamemwekea kijana uhuru mkubwa zaidi mikononi, na uhuru hudai ukomavu. Lakini mara nyingi mambo huwa hivi: kijana hupeleka cheti chake steshenari, mhudumu humwuliza, "Tuweke nini?", naye hujibu, "Weka yoyote itakayonipokea." Katika dakika chache miaka mitatu au minne ya maisha yake imekwisha kupangwa. Mhudumu hana kosa. Anafanya kazi yake, na kwa kijana wa kijijini asiye na kompyuta msaada huo ni wa lazima. Kosa liko katika kumkabidhi mhudumu uamuzi pamoja na kazi ya kuchapa.

Hasara yake huonekana upesi. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja katika muda uliopangwa, kwa namba ya siri anayotumiwa. Kama simu iliyoandikwa katika fomu si yake, wala neno la siri halijui, atawezaje kujibu?

Ndivyo ilivyo pia kwa mkopo. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa serikali anayehusika na usajili, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Kwa kijana aliyefiwa na baba angali mdogo, kutafuta cheti hicho kwaweza kumaanisha kurudi kwa baba zake wadogo, kuuliza habari ambazo hakuna aliyemsimulia, na kukaa foleni katika ofisi ya wilaya. Safari hiyo ni ngumu, lakini anayeifanya mwenyewe, hata akiwa na msindikizaji, hurudi akiwa mtu mzima zaidi. Tena ajue kwamba mkopo si sadaka: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Anayetia sahihi asiyejua jambo hilo ametia sahihi kwa mkono tu.

Ushauri wetu hapa ni mwepesi. Kabla ya kwenda steshenari, mwombaji ausome mwongozo mwenyewe. Aandike katika daftari programu tatu, masharti ya kila moja, ada yake, miaka yake, na sababu yake ya kuitaka. Kisha mhudumu achape yale yaliyokwisha kuamuliwa.

2. Kuchagua: fahari ya mzazi na hofu ya mtoto

Sababu hiyo itatoka wapi? Historia ya Martin Luther yatufaa. Mwaka 1501 aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt, na mapema mwaka 1505 akapata shahada ya uzamili. Baba yake, Hans, mtu aliyejiinua kwa kazi ya migodi, alitaka mwanawe awe mwanasheria, na kijana akaanza masomo hayo. Mwezi Julai mwaka huohuo radi ilimshtua njiani karibu na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya kifo akaweka nadhiri, na baada ya siku chache akaingia utawani. Baba alikasirika sana.

Mara nyingi tunaisimulia habari hii kana kwamba mtoto alikuwa sahihi na baba alikosea. Lakini mwaka 1521, katika waraka aliomwandikia baba yake, Luther mwenyewe alikiri kwamba nadhiri ile ilitokana na hofu, tena kwamba aliiweka bila kumjali mzazi. Basi tunaona hapa njia mbili za kuchagua, na zote mbili zina upungufu: baba alichagua kwa kutazama heshima ya jamaa, na mwana alichagua kwa kukimbia tisho.

Vijana wetu wamo katika njia hizohizo. Yupo anayeomba udaktari kwa sababu ukoo mzima umekwisha kumwita daktari tangu darasa la tano. Yupo pia anayeomba ualimu, au hata theolojia, kwa sababu anaogopa kukaa bila kazi. Luther alikuja kufundisha kwamba kila kazi halali inayomfaa jirani ni wito, ya fundi viatu sawa na ya mchungaji. Kwa hiyo swali la mwombaji lisiwe tu, "Nitakuwa nani?", bali, "Nitamfaa nani, kwa uwezo gani niliopewa?" Swali hilo hujibiwa kwa kuangalia matendo: ni kazi gani ameifanya kwa bidii pasipo kusimamiwa? Ni somo gani alilisoma hata baada ya mtihani kupita? Watu humwendea kwa shida gani?

Kwa anayeomba masomo ya uchungaji, jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa yeye hutumwa na kanisa na atarudi kulitumikia. Mvuto wa moyoni pekee hautoshi. Usharika unaomjua nao uwe umeuona.

3. Miezi ya kungoja

Kati ya mtihani wa mwezi Mei na kufunguliwa kwa vyuo mwishoni mwa mwaka kuna miezi kadhaa. Baadhi ya wahitimu hupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yaliyorejeshwa mwaka 2013. Wengine hubaki nyumbani, na wengi huihesabu miezi hiyo kuwa tupu.

Taifa letu liliwahi kuufikiri wakati huu kwa namna nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Sharti hilo lililegezwa, kwanza kwa wanawake, na hatimaye likaachwa. Hatudai lirudishwe. Lakini swali lake lingali na nguvu: mtu ambaye hajawahi kutunza ratiba yake mwenyewe, wala fedha yake mwenyewe, wala ahadi kwa mtu asiye mzazi wake, atajitawala vipi katika bweni ambamo hakuna kengele?

Kwa hiyo miezi hiyo itumike. Kijana alime ekari moja na kuandika hesabu yake, au asaidie dukani, au afundishe watoto wa Kipaimara. Ajipikie na kufua. Kila juma asome kitabu kimoja asichoagizwa. Mambo haya ni madogo, lakini wengi wanaokwama chuoni katika mwaka wa kwanza hukwama katika hayo madogo: fedha ya muhula iliyokwisha katika mwezi mmoja, na kazi ya darasani iliyoahirishwa hata ikawa mlima.

4. Barua ya kweli

Vyuo kadhaa, na wafadhili wengi, hutaka mwombaji ajieleze kwa maandishi. Hapa kishawishi ni kunakili barua ya mwenzake, au siku hizi kuiomba mashine iandike. Barua hizo hufanana: mwombaji ana "ndoto ya tangu utoto", naye "ana bidii na uaminifu". Msomaji hajifunzi lolote juu yake.

Barua njema husema jambo moja la kweli na kulieleza. Kama alama za fizikia zilishuka katika muhula aliokuwa akimwuguza mama, na aseme. Na mchungaji anayeombwa barua ashike kanuni hiyohiyo. Kumsifu asiyemjua ni kumshuhudia uongo, hata kama ni kwa upendo. Afadhali amwite, waketi saa moja, ndipo aandike mistari mitano ya kweli.

5. Kupokea jibu

Mwishowe jibu huja. Likiwa ni la kukataliwa, kijana asihesabu kwamba amehukumiwa yeye. Nafasi ni chache, na dirisha la pili la maombi au njia ya stashahada mara nyingi hubaki wazi. Mtume Paulo, baada ya kuitwa, alikwenda Arabuni, na ikapita miaka mitatu kabla hajapanda kwenda Yerusalemu. Kukawia si kutupwa. Likiwa ni la kukubaliwa, furaha na iwe pamoja na hesabu, kama mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka aketiye kwanza na kuhesabu gharama.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba maandalizi ya mwombaji ni zaidi ya alama na ada. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya ada harudi zizini kijana anapoacha masomo aliyochaguliwa na wengine. Na mara nyingi wadogo zake ndio wanaolipa, kwa kukosa zamu yao. Kwa sababu hiyo twawasihi wazazi washauri bila kunyang'anya kalamu, na sharika ziwakutanishe wahitimu wao mapema, tangu mwezi Juni, pamoja na wanafunzi walio vyuoni, ili wasome mwongozo pamoja na kuulizana maswali. Naye mwombaji akumbuke kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakuna awezaye kumfanyia.