Star Wars: Kwa nini hukumu za watazamaji zilitofautiana?

Filamu ya Star Wars: The Last Jedi, sehemu ya nane ya simulizi iliyoanza mwaka 1977, ilipotolewa Desemba 2017 ilipata hukumu tatu zisizolingana.

Takriban asilimia 90 ya tahakiki zilizokusanywa na tovuti ya Rotten Tomatoes ziliisifu. Watazamaji waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore walipotoka kwenye kumbi za sinema Marekani waliipa daraja A. Lakini miongoni mwa watu wa kawaida waliopiga kura katika tovuti hiyo, walioipenda hawakufika nusu.

Kiini cha mabishano kilikuwa Luke Skywalker. Waliomkumbuka akiwa kijana shujaa walimkuta mzee aliyekata tamaa, amejitenga na vita na kuishi kisiwani. Baadhi waliona mhusika wao amesalitiwa. Wengine walisema binadamu ndivyo anavyochoka.

Tofauti ya takwimu ilitokana pia na namna ya kuuliza. Anayehojiwa mlangoni amefuatwa, ilhali anayepiga kura mtandaoni hujitokeza mwenyewe, mara nyingi akisukumwa na hasira. Wakati huo, hakutakiwa hata kuthibitisha kwamba alikata tiketi.

Aliyeitazama filamu hiyo kwenye simu kambini Dzaleka, Malawi, hakuhesabiwa na yeyote kati ya hao. Hata hivyo, kama aliyejitenga na vita amewasaliti wenzake ni swali ambalo waliokimbia mapigano Kongo na Burundi wanalijua kuliko wahakiki wengi.